Kivuli Kibaki Kivuli: HDR ya Kiasi Ukingoni mwa Ziwa Tanganyika

Kigoma inatazama magharibi. Mji umekaa ufuko wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, vilima vikiwa mgongoni na milima ya Kongo mbele, ng'ambo ya maji, na jambo hilo moja ndilo linaloamua karibu kila picha ya mandhari inayopigwa huku. Asubuhi jua hutoka nyuma ya vilima. Ukilitazama ziwa, mwanga unatokea mgongoni kwako na kuangukia maji, mitumbwi na milima ya mbali kwa pamoja, na kamera yoyote inaumudu. Jioni hali inapinduka. Saa zetu ni zile zile za Dar es Salaam ilhali sisi tuko mbali magharibi, kwa hiyo jua huku huzama takribani dakika 40 baada ya kuzama Dar. Inapokaribia saa moja linashuka mbele kabisa ya lenzi, na kila kilichoko ufukoni Kibirizi, mchanga, nyavu, mbao za mitumbwi, nyuso za akina mama wanaoanua dagaa, kinakugeuzia upande wake wa kivuli.

Ukipima mwanga kwa kulenga anga, ufuko unatoka mweusi tii. Ukipima kwa kulenga mchanga, anga lote linaungua na kubaki jeupe tupu. Hapo ndipo watu huikimbilia HDR (High Dynamic Range), mbinu ya kuliingiza pengo kubwa la mwanga ndani ya picha moja, na hapo ndipo picha nyingi za jioni za Kigoma zinapoharibikiwa. Mchanga unang'aa kama saa sita mchana, mawingu yanapata rangi ya kijivu chafu, vilima vinazungukwa na mstari mweupe, na majani ya mwembe yanakuwa ya kijani kikali saa ambayo hakuna jicho lingeona kijani cha namna hiyo. Mtazamaji anashtuka, anasifu, kisha haiamini picha.

Naipenda HDR na naitumia, ndiyo maana inaniuma kuiona ikitumika kuua kile inachopaswa kukiokoa. Kazi yake ni moja: kulichukua pengo kubwa la mwanga na kulipunguza hadi litoshe kwenye kioo cha simu au kwenye karatasi, bila kuvuruga ngazi zake. Kilichong'aa kuliko vyote kibaki juu, kilichokuwa gizani kibaki chini. Picha inayoweka mchanga wa magharibi sawa na anga la magharibi imefuta ngazi hizo, na ikizifuta, imefuta saa yenyewe.

Jina moja, mambo matatu

Sehemu ya mkanganyiko inatokana na herufi hizi tatu kubeba mambo tofauti. La kwanza ni kunasa: kupiga picha kadhaa za mahali pamoja, kila moja ikiwa na kiasi chake cha mwanga, kisha kuziunganisha kuwa faili moja lenye taarifa nyingi kuliko picha moja inavyoweza kubeba. La pili ni kubana: kulishusha faili hilo hadi lionekane kwenye kioo cha kawaida. La tatu ni vioo vyenyewe. Televisheni na simu za miaka ya karibuni huuzwa kwa jina la HDR kwa sababu zinaweza kuonyesha sehemu angavu kwa ukali halisi zaidi, na tangu Android 14 ya mwaka 2023 simu nyingi za mfumo huo zina uwezo wa kuhifadhi picha za aina hiyo.

Hatua ya kunasa haina ubaya wowote. Ubaya wote unaolaumiwa HDR hutokea kwenye kubana. Mtu anayesema haipendi HDR mara nyingi anasema hapendi ubanaji mbovu, na picha nyingi anazozipenda huenda zilipita njia hiyo hiyo bila yeye kugundua.

Wazo lenyewe si la jana. Katika miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray alipiga picha za bahari kwa negativu mbili, moja ya anga na moja ya maji, kisha akazichapa pamoja. Kemikali za wakati ule ziliathirika upesi mno na mwanga wa buluu, kwa hiyo anga liliungua kabla bahari haijanasa. Karibu mwaka 1940 Ansel Adams na Fred Archer huko Marekani walipanga mfumo wa kugawa mwanga katika kanda, ili mpiga picha aamue kabla ya kubonyeza ni kivuli kipi kibaki na maelezo na kipi kiachwe kiwe cheusi. Upande wa kompyuta, Steve Mann na Rosalind Picard walichapisha njia ya kuunganisha picha za mwanga tofauti mwaka 1995, na Paul Debevec na Jitendra Malik wakafuata na yao mwaka 1997. Programu za bei nafuu zilipowafikia watu katikati ya miaka ya 2000, zile rangi kali zikaenea dunia nzima.

Pengo linapimwa kwa stopu

Stopu moja ni mwanga mara mbili. Stopu mbili ni mara nne, tatu ni mara nane, na ukifika stopu 10 umefika mara 1,024. Kamera nzuri ya leo, ikiwekwa ISO (wepesi wa kihisi kwa mwanga) ya chini, hunasa takribani stopu 12 hadi 14 katika picha moja. Karatasi iliyochapwa haizidi sana stopu sita au saba. Jioni ya Kigoma, jua likiwa ndani ya fremu na mbavu za mtumbwi zikiwa kivulini, pengo linaweza kupita stopu 14 kwa urahisi. Huo ni mwanga mara 16,000 na zaidi kati ya sehemu angavu na sehemu ya giza.

Ndani ya kamera, kila nukta ya kihisi cha mwanga ni kama ndoo inayokinga mvua. Ikijaa, maji ya ziada humwagika na hakuna atakayejua yalikuwa kiasi gani. Ndiyo maana anga lililoungua halirudi, hata kwa programu ya bei gani. Ndoo zilizoko kivulini zina shida ya upande wa pili: zimepata maji kidogo tu, na ukijaribu kuyazidisha baadaye unazidisha na uchafu wake, zile chembechembe za rangi zinazotapakaa kwenye giza lililoinuliwa kwa nguvu.

Hapo ndipo aina ya faili inapoamua. Faili la JPEG hugawa mwanga wa kila rangi katika ngazi 256. Faili ghafi (RAW), lile ambalo kamera haijalichakata, likiwa la biti 14 lina ngazi 16,384. Lakini faili ghafi huhesabu mwanga moja kwa moja jinsi ulivyoingia, kwa hiyo stopu ya juu kabisa peke yake inachukua nusu ya ngazi zote, inayofuata inachukua nusu ya zilizobaki, na kadhalika. Ukifika kwenye vivuli vizito umebakiwa na ngazi za kuhesabu. Anayepiga JPEG kisha akataka kuokoa kivuli cha mwembe anafanya kazi na makombo.

Unapobonyeza

Swali la kwanza si picha ngapi. Swali ni kama unahitaji zaidi ya moja. Vihisi vya sasa vina uwezo mkubwa kiasi kwamba jioni nyingi, jua likiwa nyuma ya wingu au limeshagusa milima ya Kongo, faili ghafi moja linatosha: pima ili anga lisiungue, kubali ufuko utoke mweusi kwenye kioo cha kamera, kisha inua vivuli nyumbani kwa stopu mbili au tatu. Faida yake ni kubwa. Mtumbwi unaotembea utabaki mtumbwi mmoja.

Jua likiwa wazi, piga tatu. Weka kamera kwenye stendi, chagua uwazi wa lenzi na usiuguse tena, tuseme f/8, ISO 100, na badilisha kasi peke yake: 1/500 kwa ajili ya anga, 1/125 kwa katikati, 1/30 kwa ajili ya ufuko. Hizo zimepishana stopu mbili mbili. Uwazi ukibadilika, ukali wa sehemu za mbele na nyuma nao hubadilika, na picha hazitalingana. Fokasi iwe ya mkono, rangi ya mwanga isiachwe kwenye otomatiki, na tumia kipima muda cha sekunde mbili ili kidole kisiitikise kamera.

Angalia histogramu, ile grafu ya mwanga yenye giza kushoto na weupe kulia, usiangalie picha iliyoko kwenye kioo. Kioo cha kamera jioni hudanganya kwa sababu macho yako yameshazoea giza. Picha ya kwanza isiwe imegonga ukuta wa kulia isipokuwa kwa duara la jua lenyewe, ambalo halina haja ya kuokolewa. Jua lenye rangi ya yai bovu, kijivu katikati na njano pembeni, ni alama ya mtu aliyekataa kukubali kwamba jua ni jeupe.

Shughuli inakuwa ngumu upepo ukivuma. Kiangazi, upepo wa kusini-mashariki hupita ziwani kwa nguvu, mitumbwi iliyotia nanga inacheza, mawimbi yanabadilika kati ya picha na picha. Programu ikiunganisha, mtumbwi mmoja huonekana mara tatu, kila mmoja umefifia. Programu nyingi zina kitufe cha kurekebisha hilo, nacho hufanya kazi kwa kuchagua picha moja tu kwa ajili ya sehemu iliyosogea. Kwa maji naona bora kuchagua mwenyewe: chukua mawimbi yote kutoka picha ya katikati, uachie unganisho anga na nchi kavu tu.

Ngazi za mwanga zisipinduliwe

Sasa kubana, ambako ndiko kwenye kazi. Programu kama Lightroom, au darktable ambayo ni ya bure, zitakuunganishia picha na kukupa faili pana. Zima marekebisho ya otomatiki. Otomatiki haijui kwamba ilikuwa jioni. Inajaribu kusambaza mwanga sawasawa kila mahali, na jioni si saa ya mwanga sawasawa. Ipo pia njia nyingine ambayo Tom Mertens na wenzake waliieleza mwaka 2007, inayoruka hatua ya faili pana na kuchukua kutoka kila picha zile nukta zilizopata mwanga mzuri. Enfuse, inayokuja pamoja na programu ya bure ya Hugin, hutumia njia hiyo, na matokeo yake mara nyingi ni matulivu kuliko ya programu za kulipia. Kwa anayeanza bila pesa ya usajili wa kila mwezi, ningemwambia aanzie hapo.

Anza na uhusiano wa anga na maji. Ziwa halina mwanga wake. Linarudisha ule wa anga, na linarudisha pungufu. Ukitazama maji moja kwa moja kutoka juu, yanarudisha kama asilimia mbili tu ya mwanga. Kadiri jicho linavyolala kuelekea upeo ndivyo kiasi kinavyopanda, hadi yale maji ya mbali kabisa yanapokaribia kulingana na anga. Kwa hiyo maji ya miguuni pako ni ya giza, na kwa kuwa Tanganyika ni safi, unaona mawe ya chini na samaki wadogo wakipita kati yake. Maji ya katikati yamechanganya mawe na anga. Ya mbali ni anga tupu. Mteremko huo ndio unaomwambia mtazamaji kwamba mbele yake kuna maji mapana. HDR yenye pupa huinua maji ya karibu hadi yalingane na ya mbali, na ziwa lenye kina cha mita 1,470 linageuka sakafu. Kanuni ninayoishika bila kuilegeza: taswira ya anga ndani ya maji isiwe angavu kuliko anga lenyewe. Ikiwa hivyo, hata mtu asiyejua lolote kuhusu picha ataona kuna kitu hakijakaa sawa.

Halafu ule mstari mweupe unaozunguka vilima. Unatokana na jinsi programu inavyobana kwa kutazama ujirani. Kwa kila nukta inauliza: majirani zako wana mwanga kiasi gani? Nukta za anga zilizo karibu na kilima cheusi zina majirani weusi, kwa hiyo programu inaamini ziko gizani na kuziinua. Zile zilizo mbali na kilima haziinuliwi. Matokeo ni utepe wa mwanga unaofuata mgongo wa kilima. Punguza nguvu ya marekebisho ya aina hiyo hadi utepe upotee, kisha punguza tena kidogo. Au achana nayo, utumie kinyago cha mteremko, yaani eneo unalolichagua ili marekebisho yaliguse hilo tu, yakififia polepole ukingoni: ng'ambo ya ziwa milima ya Kongo hulala karibu mstari ulionyooka, kwa hiyo kinyago laini kutoka juu kwenda chini kinafaa kabisa kulishusha anga. Mwembe ukipanda kuvuka mstari huo ndipo itakubidi uuchore ukingo wake kwa mkono, na uufanye laini.

Rangi ni jambo ambalo wengi hulisahau. Macho yetu huona rangi dhaifu zaidi mwanga unapopungua. Programu inapoinua kivuli, inainua na rangi zake zote kwa uwiano ule ule, kwa hiyo khanga iliyokuwa kivulini inatoka na wekundu ambao hukuuona ulipokuwa umesimama pale. Kila unapoinua kivuli, punguza ukolevu wa rangi ndani yake. Na usikiondolee ubuluu. Kivuli cha jioni kinaangazwa na anga la juu, ambalo bado ni la buluu; ukikipaka dhahabu ya machweo umekipa mwanga ambao hakikuupata.

Kisha moshi na ukungu. Kuanzia Juni hadi mvua za kwanza, nyasi zinachomwa pande zote za ziwa, na hewa inajaa vumbi na moshi kiasi kwamba kuna siku Kongo haionekani kabisa. Ziwa lina wastani wa kilomita 50 kwa upana, na hewa yote hiyo iko kati yako na milima. Kitufe cha kuondoa ukungu kinashawishi sana hapa. Nilimwonyesha mama mmoja anayeuza dagaa Kibirizi picha iliyokuwa ikizunguka kwenye makundi ya WhatsApp, ya ufuko wake mwenyewe, milima imechongoka kila bonde. Aliiangalia muda, akauliza, "Mwanangu, mbona Kongo imekuja karibu hivi?" Alikuwa sahihi. Ukungu ndio unaopima umbali, na kila mkunjo wa milima unaofifia nyuma ya mwenzake ni kilomita kadhaa za hewa. Safisha kidogo kama picha ni nzito mno, lakini milima ya mwisho iachwe ififie.

Na kivuli chenyewe unakiinua kiasi gani? Kiinue mpaka uone umbo, kisha simama. Mbavu za mtumbwi zionekane kuwa ni mbavu. Nyuzi za nyavu hazina haja ya kuhesabika. Kuna sehemu moja au mbili za picha zinazotakiwa kubaki nyeusi kabisa, kwa mfano chini ya mtumbwi ulioegeshwa, maana bila nyeusi halisi jicho halina pa kuanzia kupima mwanga. Mimi humaliza kazi, nafunga kompyuta, na kesho yake asubuhi nashusha kila nilichokiinua kwa karibu robo. Macho yakikaa mbele ya kioo kwa muda mrefu huzoea ukali na kuomba zaidi.

Pasipohitaji HDR

Asubuhi, kama nilivyosema, iache. Hifadhi ya Gombe nayo ni darasa lake. Unafika kwa boti ya kutoka Kibirizi, unapanda bonde la Kakombe, na msitu unakupa vipande vya jua kali katikati ya giza, mamia ya vipande, juu ya majani yasiyotulia. Pengo la mwanga ni kubwa lakini halina mpaka wa kushikwa kwa kinyago, na majani yakisogea unganisho linavurugika. Dawa ya msitu ni wingu. Siku za mvua, anga likifunika, mwanga unasambaa na faili ghafi moja linabeba bonde zima. Kinyume chake ni jengo la stesheni ya Kigoma lililojengwa na Wajerumani, ambako reli ilifika mwaka 1914: ukuta haujongei, tao ni la giza, nje kunawaka. Hapo piga tatu bila wasiwasi.

Usiku, mitumbwi ya dagaa ikitoka na taa zake wakati wa giza la mwezi, wengi hujaribu kuunganisha picha ndefu na fupi. Taa zinayumba na maji, haziunganiki. Afadhali uwahi: kama dakika 20 baada ya jua kuzama, anga la buluu na taa huwa na nguvu zinazokaribiana, na picha moja inavibeba vyote viwili. Kwa kuwa tuko nyuzi tano tu kusini mwa ikweta, jua hushuka karibu wima na giza huingia haraka, hivyo nafasi hiyo ni fupi sana. Stendi iwe imeshasimama.

Kwa wanaotumia simu, jua kwamba simu yako inafanya haya yote kila unapobonyeza. iPhone ilianza kuyatoa kama chaguo mwaka 2010. Google ilipoleta HDR+ kwenye Nexus 5 mwaka 2013 ilikuja na mbinu tofauti: picha nyingi za haraka, zote za mwanga mdogo ili anga lisiungue, zikirundikwa pamoja mpaka zile chembechembe za kivulini zipungue. Ni mbinu nzuri, ila uamuzi wa mwisho wa ubanaji anaufanya mtengenezaji wa simu, naye hupenda vivuli viwe vyeupe. Kabla ya kupiga, gusa anga kwenye kioo na ushushe kwa kidole kijijua cha mwanga kinachojitokeza. Ukimaliza, kwenye uhariri shusha kitelezi cha vivuli badala ya kukipandisha.

Picha ikienda kuchapwa, geuza mkono kidogo. Karatasi haitoi mwanga wake kama kioo, na kivuli kilichotosha kwenye simu kinaweza kuzama kabisa. Chapisha kipande kidogo kwanza, kitazame karibu na dirisha mchana, kisha ongeza vivuli peke yake, anga ukiliacha lilivyo.